Jicho au Kitanzi? Maoni Kuhusu Istilahi za Fizikia

Wapo wanaodai kuwa Kiswahili hakiwezi kuibeba fizikia ya kina. Dai hilo halina msingi. Mwaka 1986 Parke na Taylor walionyesha kwamba mtawanyiko wa gluoni sita, unaohitaji michoro 220 ya Feynman, huandikika kwa mstari mmoja katika hali maalumu. Mwaka 2008 Bern, Carrasco na Johansson walibaini kuwa hesabu za nadharia ya geji zikipangwa vyema, zile za graviti hupatikana kwa kurudufu sehemu yake moja. Sehemu kubwa ya ugumu, basi, ilikuwa katika namna ya kuandika, siyo katika maumbile.

Wanaistilahi tujifunze hapo. Nafasi iliyozingirwa na mistari ya mchoro, wengi wangeiita kitanzi. Lakini kitanzi hukaza kikivutwa. Mvuvi wa Kilwa Kisiwani au Lindi analo neno lifaalo zaidi: jicho la wavu, nafasi iliyofungwa na nyuzi zinazokutana kwenye mafundo. Napendekeza tuseme michoro ya macho mengi. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya mwaka 1990 ilifungua njia. Tusipoiendeleza, mwanafunzi wa Kilwa Masoko ataendelea kuidhania fizikia kuwa mali ya wageni.