Kukesha si kipaji, na atachi ya bure si zawadi

Leo sina stori ya kuchekesha. Niko na hasira, na imekaa ndani karibu mwaka mzima.

Ukisomea usanifu majengo hapa Kenya, kitu cha kwanza utafundishwa si kuchora. Ni kutolala. Wiki ya kwanza tu, watu wa mwaka wa tatu walikuja studio wakatuangalia kwa huruma: "Bado mnalala? Basi kozi haijaanza." Nasi tukaanza kujivunia haraka sana. Tulikuwa tunaposti picha za saa kumi alfajiri, vidole vimejaa gundi, plasta pale wembe uliteleza, kana kwamba tumeshinda vita. Halafu asubuhi unapanda matatu na modeli yako ya kadibodi. Makanga mmoja wa Thika Road alinitoza nauli ya watu wawili juu modeli ilikalia kiti. Nikalipa. Siku hiyo mwalimu aliiangalia dakika nne hivi, akang'oa paa kwa mkono, akauliza, "Na hii ni nini?" Darasa likacheka. Mimi pia nilicheka. Sikuwa nimelala siku mbili.

Nilidhani huko ndiko kuiva. Kumbe nilikuwa nafanyishwa mazoezi ya kitu kingine.

Nilienda atachi kwa ofisi moja hapa Nairobi, miezi mitatu. Nauli mia mbili kwa siku. Lunchi mia, na hiyo ni chapo madondo, nyama sahau. Mia tatu mara siku 22 za kazi ni 6,600 kwa mwezi. Kwa miezi mitatu ni 19,800. Hizo pesa mamangu alizitoa kwa mtaji wake wa mitumba ili mimi nikafanye kazi ya mtu mwingine. Yaani mama anayeuza nguo chini ya mwavuli alikuwa anafadhili ofisi yenye esi.

Na usidhani nilikuwa natumwa chai. Nilichora ngazi, vyoo na milango yote ya jengo la ghorofa sita. Michoro ikapelekwa kaunti kuombewa kibali. Jamaa wa kuprinti alilipwa papo hapo, hakuna mtu alijaribu kumwambia malipo yake ni uzoefu. Dereva alilipwa. Mimi niliambiwa nishukuru.

Siku moja nilichora ngazi saa tisa usiku, nimechoka hadi naona mistari ikitembea. Fundi ndiye aligundua kwamba mtu mrefu akishuka angegonga kichwa kwa boriti. Fundi, si bosi. Wasee, hiyo si modeli ya kadibodi, hiyo ni nyumba ya watu. Tukiwa studio huwa tunacheka makosa ya usingizi. Huko nje yanamwagiwa zege.

Najua nitaambiwa ofisi nyingi ni ndogo, wateja hulipa wakijisikia, wengine wanatoroka na michoro. Ni kweli, nimejionea. Lakini kama mteja amekulalia, hilo deni limekujaje kwa mwanafunzi? Halafu kuna wale wa "hata sisi tulipitia hayo". Sawa mzee, pole sana. Uliumia. Mbona dawa ya maumivu yako ni mimi niumie pia?

Sababu ya sisi kunyamaza ni rahisi. Kozi ni miaka sita, na ukimaliza bado sheria, Sura ya 525, haikuruhusu kujiita msanifu majengo hadi usajiliwe na bodi. Kabla ya hapo unafanya kazi chini ya msanifu aliyesajiliwa, unakaa mitihani. Yaani mtu anayekunyima nauli ndiye unamtegemea akuthibitishie kazi. Nani ataongea?

Msee aliyekuwa mkali kuliko wote darasani kwetu, akichora kwa mkono hadi walimu wananyamaza, aliacha mwaka wa tatu. Kozi haikumshinda. Ilimshinda bei ya kuprinti, na hiyo miezi ya kufanya bure aliyoiona ikikuja. Saa hii anauza simu tao. Amelelewa kwa ploti ya Pipeline, bafu moja floor nzima. Anajua zile nyumba kuliko mtu yeyote atakayewahi kuzichora. Tunaobaki wengi ni wale mzazi anaweza kujikamua, halafu tunashangaa mbona kila mtu studio anachora villa ya Karen.

Kila muhula tunaonyeshwa KICC, 1973, Nøstvik na David Mutiso, tunaambiwa tuote makubwa. Poa, jengo ni kali. Lakini hakuna siku nimefundishwa kuandika invoisi. Chuo kinaweza kufunga studio saa nne usiku na dunia isiishe. Kinaweza pia kukataa kutuma mwanafunzi kwa ofisi isiyolipa hata nauli na lunchi. Hiyo haihitaji bajeti, inahitaji barua moja.

Mwezi uliopita ofisi nyingine ilinipigia. Swali la kwanza: "Unaweza kufanya kazi usiku?" Nikauliza nauli ni pesa ngapi. Kukawa kimya, nikasikia mtu akimnong'oneza mwenzake, halafu nikaambiwa watanipigia.

Simu iko na chaji.