Mvua za wastani si lazima zilete mavuno

KILA msimu wa mvua unapokaribia, neno moja hutawala taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA), nalo ni wastani. Mvua hutabiriwa kuwa chini ya wastani, za wastani, au juu ya wastani. Neno hilo humwongoza mkulima wa Same katika kuchagua mbegu, mfugaji wa Longido katika kuamua auze ng'ombe au angoje, na wasimamizi wa mabwawa katika kupanga matumizi ya maji. Hata hivyo, ni wachache wanaouliza wastani huo hupimwaje na huficha nini.

Kwa kipimo kinachotumiwa na TMA, mvua huhesabiwa kuwa za wastani iwapo zimefikia kati ya asilimia 75 na 125 ya wastani wa muda mrefu. Kwa mfano, kituo ambacho wastani wake wa masika ni milimita 400 kitahesabiwa kuwa kimepata mvua za wastani, kiwe kimepata milimita 300 au 500. Pengo la milimita 200 kati ya viwango hivyo laweza kuamua iwapo mkulima wa mahindi atavuna au ataambulia mabua.

Zaidi ya kiasi, lipo suala la mtawanyiko. Iwapo nusu ya mvua ya msimu itanyesha katika wiki moja, ikasomba mbegu na udongo, kisha jua likawaka mfululizo wakati mahindi yanapochanua, jumla ya msimu itaonyesha kuwa hali ilikuwa ya kawaida ilhali ghala ni tupu. TMA hutabiri pia tarehe za kuanza na kumalizika kwa mvua pamoja na vipindi vya ukavu, na kwa mkulima sehemu hiyo ya taarifa ina uzito kuliko neno wastani.

Historia ya karibuni ya Afrika Mashariki inathibitisha jambo hilo. Mwishoni mwa mwaka 2019, maji ya upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi yalipata joto kuliko yale ya mashariki, na eneo hili likapata mvua zilizopita wastani kwa kiasi kikubwa. Yalifuata mafuriko, kisha nzige. Tangu mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, misimu mitano mfululizo ilishindwa katika sehemu kubwa za Ethiopia, Kenya na Somalia, na masika ya 2022 yalikuwa makavu kuliko yote katika kipindi cha miaka 70. Huku Tanzania, maji ya Mto Ruvu yalipungua mwaka huo hadi Dar es Salaam ikaingia katika mgawo.

Mwaka mmoja baadaye hali iligeuka. El Niño, ikisaidiwa na joto la Bahari ya Hindi, ilileta mvua kubwa za vuli za 2023. Desemba 3 mwaka huo, maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang yaliua makumi ya watu wilayani humo. Masika ya 2024 yakaleta mafuriko Rufiji na maafa ya Mai Mahiu, Kenya. Mtu akijumlisha ukame wa 2022 na gharika ya 2023 kisha akagawanya kwa mbili, anaweza kupata miaka miwili ya kawaida ambayo hakuna mwananchi aliyeiona.

Kipimo chenyewe nacho hubadilika. Shirika la Hali ya Hewa Duniani (WMO) huhesabu wastani kwa vipindi vya miaka 30, na kipindi cha sasa ni 1991 hadi 2020. Kwa kuwa masika ya Afrika Mashariki yalipungua katika miongo iliyofuata 1980, wastani mpya una miaka hiyo mikavu ndani yake. Msimu ambao zamani ungeitwa haba waweza leo kuitwa wa kawaida.

Kwa upande wa theluji, Kilimanjaro ndiyo daftari la kumbukumbu. Kati ya 1912 na 2007, mlima huo ulipoteza takriban asilimia 85 ya eneo la barafu yake. Watafiti wamebaini kuwa chanzo si joto pekee, bali pia uhaba wa theluji mpya, ambayo weupe wake hurudisha miale ya jua na kuikinga barafu iliyo chini. Mwaka 2022, UNESCO ilitahadharisha kuwa barafu hiyo itatoweka ifikapo 2050. Hata hivyo, chemchemi za Kilimanjaro hutegemea zaidi mvua za ukanda wa misitu kuliko maji ya barafu. Anayeukata msitu huo anagusa maji ya Moshi mapema kuliko kuyeyuka kwa kilele.

Wastani utabaki kuwa kipimo cha lazima kwa wataalamu na kwa bajeti ya taifa. Kwa mkulima, hautoshi. Kinachohitajika ni vipimamvua vingi zaidi vijijini, takwimu za kila wiki badala ya jumla ya msimu, na maofisa ugani wanaoweza kuzitafsiri kuwa ushauri wa lini kupanda na mbegu ipi. Bila hayo, nchi itaendelea kutangaza misimu ya kawaida huku baadhi ya wilaya zikiomba chakula cha msaada.