Nyutro na ethi si mapacha, jamani!

Wiki hii sina stori za vimwana wala disko. Nina stori ya friji lililotaka kumuua shangazi yangu.

Nilikuwa Igamba, kule Mbozi mkoani Songwe. Shangazi kajenga nyumba safi kwa hela ya kahawa, umeme kavuta, anauza maziwa baridi. Jioni moja ikashuka mvua na upepo, taa zote zikazimika. Shangazi, miguu peku, akaenda kufungua friji. Kushika mlango tu, yowe! Akarushwa hadi ukutani.

"Shangazi, pole! Lakini umeme si umekatika?" nikauliza kama zezeta.

"Sasa kilichoning'ata ni nini, mwanangu? Nyoka?"

Asubuhi akaja fundi mmoja mtu mzima kutoka Vwawa. Akafungua boksi la swichi, akaguna. "Nani kawafungia hivi?"

Nikatazama chini. Aliyefunga ni mshkaji wangu, nilimleta mwenyewe kwa sababu ya bei poa. Nyutro na ethi kazibana pamoja, na ile ethi rodi ya kugongelea ardhini hakuweka kabisa. Waya umeishia ukutani kama pambo!

Mzee akanipa darasa. Waya wa moto unaleta umeme wa volti 230, nyutro inaurudisha kwenye nguzo. Ethi ni mlinzi tu, inangoja umeme uliotoroka iupeleke ardhini. Sasa ukizibana pamoja ndani, siku nyutro ya nje ikikatika, umeme unapita kwenye balbu, unakosa njia ya kurudi, unaingia kwenye ethi mpaka kwenye bodi la friji. Taa hakuna, friji linang'ata! Na kweli, upepo ulikuwa umekata nyutro ya nje.

Usidhani rodi peke yake inatosha. Udongo wenye ukinzani wa omu 20 unapitisha ampea 11 na ushee tu, breka ya ampea 32 haishtuki hata kidogo. Ndiyo maana inatakiwa ile swichi inayonusa umeme unaovuja, ambayo kwa kawaida hukata kwa miliampea 30. Ina kitufe cha T. Kibonyeze, isipokata, ita fundi.

Kwa hiyo kabla hujatoa mshiko, uliza: leseni ya EWURA iko wapi? Nyutro na ethi kila moja ina sehemu yake? Rodi imegongelewa wapi? Ukijibiwa "usijali, bro", kimbia! Na boksi lenyewe usilifungue wewe, si redio hiyo.

Shangazi kapona, ila hadi leo friji halishiki bila kandambili miguuni. Mimi nikipita anacheka: "Leo umeniletea fundi gani?"

Nacheka naye, lakini moyoni najua ningeweza kumzika.

Tukutane wiki ijayo!