Kijana, kusi likiharibu ufuo usishindane na bahari

UMEDUNDULIZA, ukauza simu, ukamwomba shangazi akuongezee, hatimaye ukanunua mashine ya kutambua vyuma. Inafanya kazi kama kile kijiti askari wa langoni hukupitishia kiunoni, ila yako ina mpini mrefu na duara chini la kupekua mchanga.

Miezi ya kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, mambo yalikuwa mteremko. Wageni wamejaa, bahari imetulia, na kila wikendi ulirudi na sarafu, hereni, siku nyingine pete. Halafu kusi likaingia. Sasa unazunguka ufuoni saa tatu nzima na kurudi nyumbani na vizibo vya soda na masikio yanayouma kwa kelele.

Hapo ndipo vijana wengi hukosea. Wanadhani mashine ni mbovu, au wamerogwa, au dawa ni kukopa kwa apu wanunue kubwa zaidi. Sisi tunasema hivi: mtaji wako wa kwanza ni kuijua bahari, mashine inafuata. Ufuo ukikataa, usishindane nao.

Elewa kwanza kinachotokea. Mashine hutuma mawimbi ya sumaku ardhini na kusikiliza kinachojibu. Mchanga uliolowa maji ya chumvi hupitisha umeme, kwa hivyo nao hujibu. Ndiyo maana inalia ovyo ukikaribia maji, hata pasipo na kitu. Punguza wepesi wake wa kuhisi, isawazishe upya na ardhi, upitishe duara polepole. Kelele itapungua, lakini jua kwamba na kina nacho umekipoteza. Zipo mashine za masafa mengi kwa pamoja ambazo huvumilia chumvi vizuri zaidi, ila bei yake si mchezo. Kununua moja kwa deni katikati ya Mei, wakati ufuo hautoi kitu, ni kujitafutia balaa.

Tena kusi huhamisha mchanga. Ufuo mmoja unaliwa, mwingine unajazwa, na mwani unarundikana juu yake kama godoro. Pete iliyokuwa chini kidogo tu Februari inaweza kufukiwa mahali ambapo mashine yako haifiki. Kama duara haliwezi kugusa mchanga kwa sababu ya mwani, nenda zako. Tafuta sehemu ambapo maji yamekwangua mchanga mpaka ukaona ngazi au changarawe ngumu. Vitu vizito hutulia hapo.

La pili ni uhai wako. Hapa kwetu bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua tofauti ya kujaa na kupwa hufika karibu mita 4. Saa nazo husogea kama dakika 50 kila siku, kwa hivyo usitumie saa za jana. Katika fuo zenye majabali na viguba kama Tiwi, maji yanaweza kukufungia njia ukiwa umeinamia shimo. Na ukiwa umevaa spika za masikioni, wimbi hulisikii. Acha sikio moja wazi, nenda na mwenzako, waulize wavuvi kabla ya kuingia majini. Radi ikianza, toka ufuoni. Hakuna pete inayolingana na maisha yako, na mamako hana mtoto mwingine kama wewe.

La tatu ni sheria, na hili linawahusu hasa wanaofurahia ufuo ukiliwa na mawimbi. Bahari chafu hufukua pia vya kale. Mwaka 2010 wanaakiolojia walipata Mambrui, karibu na Malindi, sarafu ya Kichina ya enzi ya Yongle, ya karne ya 15. Chini ya Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya 2006, kitu kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895 ni cha kale, na kuvisaka vitu kama hivyo bila leseni ni kosa. Ukikiona kwa bahati, usikisugue wala kumuuzia mtalii. Acha kuchimba, kumbuka mahali, piga ripoti kwa Makavazi ya Kitaifa. Na katika hifadhi za bahari, waone KWS kabla hujagusa mchanga. Kasa nao hutaga juu ya mstari wa maji, usije ukafukua mayai ukidhani ni mali.

Basi kusi likikaza, mashine ilale njaa? La hasha. Osha duara kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kausha, kagua nyaya. Kisha ipeleke bara. Bikoni nyingi za ploti zina kipande cha chuma ndani ya saruji, na nyingine zimemezwa na nyasi na udongo. Mtafute sorovea mwenye leseni, umwambie unaweza kumsaidia kuzitafuta. Kuna pia watu waliopoteza pete ya ndoa uwanjani au funguo shambani, na watalipa kwa moyo safi. Hao ndio watakaokuita tena, mradi wajue ukiokota chenye mwenyewe unarudisha.

Vijana wa Pwani mna bahati. Mzee yeyote bandarini anaweza kukwambia upepo unageuka lini na maji yanapwa saa ngapi. Mnunulie kahawa msimu huu, umsikilize. Novemba kaskazi likirudi, utajua pa kuanzia.