Promu: tumejadili ukumbi, tumesahau gari

Kila mtihani wa Kidato cha Nne unapokaribia kwisha, vikundi vya wazazi vya WhatsApp hapa Mombasa huanza kuchemka. Zamani palikuwa na hafla ya kuagana tu: dua, hotuba ya mwalimu mkuu, pilau na soda, na ikilia alasiri kila mtu yuko kwao. Siku hizi shule za kibinafsi, kuanzia kisiwani hadi Nyali na kuendelea mbele, zina promu. Ukumbi wa hoteli, gauni, suti, zulia jekundu, na gari maalum la kukodi la kumfikisha mtoto mlangoni kama bi harusi.

Mjadala wetu umeegemea upande mmoja. Misikitini tunaonywa kuhusu wavulana na wasichana kuchanganyika usiku, na wazazi wengine wanajibu kwamba dunia imebadilika. Msimamo wangu ni mwepesi kuueleza. Kuagana si haramu. Kucheza kifua kwa kifua hadi usiku wa manane sikutaki kwa mtoto wangu wala wa jirani. Na mzazi asiyetaka mwanawe aende asilazimishwe kulipa. Nimemaliza hapo, kwa sababu naona jambo zito zaidi liko nje ya ukumbi, kwenye maegesho, injini ikinguruma.

Mwaka jana mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alikuwa miongoni mwa watahiniwa wa shule moja ya pwani ya kaskazini. Barua ilitaja mchango wa ukumbi na chakula, kisha mstari mmoja chini kabisa: usafiri ni juu ya mzazi. Nilipopiga simu kuuliza, nikaambiwa hafla iko nje ya shule na baada ya mtihani, kwa hivyo mwanafunzi akishatoka getini si wao tena. Wazazi nao kwenye kikundi chao walikuwa wakisema jambo hili ni la shule, shule ndiyo iliyoliandaa. Katikati ya kauli hizo mbili watoto wakaachiwa wapange wenyewe, na wakapanga vile watoto wa miaka 17 wanavyopanga. Kumi wa kwanza limuzini, shilingi 4,000 kila mmoja. Wengine Prado za mashemeji na mabinamu. Waliobaki watajijua.

Mpwa wangu alikuwa katika hao wa kujijua. Mamake anauza viazi karai na bajia jioni, na mtoto ana akili ya kujua kwamba elfu nne ni mafuta na viazi vya siku kadhaa. Hakuziomba. Aliniambia tu, "Mjomba, nitapanda tuktuk, nishukie kwenye kona kabla ya geti, halafu nitembee." Atembee kwa viatu vya kisigino alivyoazima, ili asionekane ameshuka kwenye nini. Miaka minne wamevaa sare moja na kula githeri moja, na siku ya kuagana gari ndilo lililowapanga kwa mifuko ya baba zao.

Hilo peke yake lingetosha kunikasirisha. Lakini nilipoanza kuuliza kuhusu hayo magari yenyewe, nikaona waliokuwa hatarini zaidi ni wale waliolipa.

Desturi hii imetoka Marekani na limuzini ikaja nayo. Huko lilikuwa na maana yake: mtoto wa miaka 16 au 17 ana leseni, na mzazi anaona bora akodi gari lenye dereva kuliko mwanawe aendeshe usiku akiwa amekunywa. Hoja nzuri. Lakini Oktoba 2018, mji wa Schoharie, jimbo la New York, watu 17 walikodi limuzini kwenda kwenye sherehe ya kuzaliwa. Haikuwa promu na hawakuwa watoto, ila walikodi kwa sababu ileile, asiwepo wa kuendesha akiwa amelewa. Gari lilikuwa Ford Excursion la 2001 lililokatwa na kurefushwa. Breki zikakataa kwenye mteremko. Wakafa wote 17, dereva wao, na watu wawili waliokuwa wamesimama kando. Baadaye ikajulikana kwamba gari lilikuwa limekataliwa na wakaguzi mwezi mmoja kabla, na dereva hakuwa na leseni inayotakiwa kwa gari la namna ile. Waliolipia usalama walipewa viti vya ngozi.

Sasa turudi kwetu. Matatu tunayatukana asubuhi na jioni, mimi nikiwamo, na mengine yanastahili. Lakini tangu sheria za marehemu Michuki zianze kufanya kazi Februari 2004, gari la abiria lina mambo ya lazima: kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, mikanda, idadi ya abiria iliyowekwa. Lina ukaguzi, lina sacco au kampuni unayoweza kuiendea, lina bima ya kubeba abiria, na dereva wake anatakiwa awe na leseni ya PSV. Iwapo yanafuatwa kila siku ni mjadala mwingine, lakini angalau yako, na mtu anaweza kushtakiwa kwayo.

Prado ya binamu haina hata moja kati ya hayo. Bima yake ni ya matumizi ya kibinafsi. Siku inapobeba watoto sita waliolipa nauli, imegeuka gari la biashara bila kampuni ya bima kuambiwa, na likitokea la kutokea, kampuni ina mlango wa kutokea. Mzazi atabaki na bili ya hospitali na jamaa wa kugombana naye. Nilikwenda mwenyewe kumwona barobaro mmoja aliyekuwa amekubali kazi hiyo. Kijana mwenye adabu, gari linang'aa. Nikamuuliza kama ana PSV. Akacheka, "Mzee, hii si matatu." Ndivyo, si matatu. Hapo ndipo palikuwa na tabu yote, naye alidhani anaisifu gari yake.

Kisha kuna safari ya tatu. Wazazi wanahesabu mbili, ya kwenda na ya kurudi. Watoto wanahesabu ile ya katikati, ukumbi unapofungwa na mtu akasema twendeni Mtwapa, au tuvuke feri twende Diani. Gari likikodiwa kwa usiku mzima, wanaoamua njia ni waliomo ndani. Hoteli haiwezi kisheria kumuuzia pombe aliye chini ya miaka 18, lakini ndani ya gari lenye vioo vyeusi nani anatazama? Si hadithi za kutishana. Agosti 2015 polisi walisimamisha gari la abiria lililotoka Karatina kuelekea Nairobi, limejaa wanafunzi waliofunga shule, na nchi nzima ikasikia kuhusu bangi iliyokutwa humo. Wale walikuwa wakienda nyumbani tu, wala si promu.

Na barabara zetu tunazijua. Machi 18, 2024, wanafunzi 11 wa Chuo Kikuu cha Kenyatta walikufa pale Maungu, basi lao lilipogongana na trela, wakija huku Pwani kwa safari ya masomo. Lile lilikuwa basi la chuo, kwa safari iliyopangwa. Ukiondoa mpango wowote, ukaweka saa nane za usiku na dereva asiye na leseni ya kubeba watu, sijui tunamwachia Mungu nini ambacho yeye hakutuachia sisi.

Linalonishangaza ni kwamba sisi watu wa Pwani hatuhitaji kufundishwa kukodi gari. Tunakodi mabasi ya kwenda Maulidi Lamu, tunakodi ya kumfuata bi harusi Malindi, tunakodi ya mazishi Vanga kwa taarifa ya saa mbili. Mtu mmoja anakubaliana na mwenye gari na kutoa arbuni. Mama mmoja anakaa mbele na orodha, anahesabu vichwa kila kituo, na basi haliondoki mpaka aseme liondoke. Makanga mwenyewe humwogopa. Kwa nini ujuzi huu wote tunauweka kando siku wanapotoka watoto wetu wenyewe?

Basi mama watatu wa kikundi kile, na mimi nikiwa mpeleka salamu, tukatafuta basi la viti 33, la sacco, dereva tunayejua anakaa wapi. Watoto 30 kwa shilingi 500. Sharti moja kwa dereva: hakuna kituo kingine, na kurudi kila mtoto ashushwe mlangoni kwao, si stejini. Kati ya wale kumi wa limuzini, sita walihamia kwetu walipopiga hesabu. Wanne walikwenda nayo na, alhamdulillahi, walifika salama. Mama wawili walisafiri na basi kwenda na kurudi, wakalalamika muziki ulikuwa juu mno, na walipoulizwa kwa nini hawakuuzima wakasema watoto walikuwa wakiimba wote pamoja. Wa mwisho alishushwa Kisauni kabla ya saa sita kasorobo. Mpwa wangu alishuka na wenzake mbele ya zulia, viatu vya kuazima na vyote.

Watasema kufika kwa basi hakuna hadhi. Sijui wanaishi Mombasa ipi, maana kuna magari ya abiria hapa yenye taa, michoro na spika kushinda limuzini yoyote, na watoto wenyewe wanayajua kwa majina.

Shule nazo zisijifiche nyuma ya geti. Kama barua inaweza kutaja rangi ya gauni, inaweza kutaja saa ya kuondoka hotelini, jina la sacco na nambari ya mzazi aliye ndani ya basi. Sheria ya Watoto ya 2022 inamhesabu aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, awe amemaliza karatasi ya mwisho au la. Kamati za wazazi wa mwaka huu zisingoje barua hiyo. Mwenye basi tuliyekodi kwake ananiambia wikendi za mwisho wa Novemba watu wa harusi wameshaanza kuzishika.