Taarifa za Shamba Langu ni za Nani? Barua ya Wazi kwa Kamishna wa Kilimo wa Umoja wa Afrika

Mheshimiwa Kamishna,

Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha ya kazi ya Umoja wetu tangu Februari 2022. Mimi ni mkulima wa kahawa na mahindi wilayani Mbozi, kusini magharibi mwa Tanzania. Nataka tuzungumze kuhusu taarifa zinazokusanywa mashambani mwetu kwa jina la kilimo cha kidijitali.

Juni 2014 wakuu wa nchi zetu walikutana Malabo, na katika mkutano huo mmoja walipitisha hati mbili. Moja ni Azimio la kilimo, lililorudia ahadi ya Maputo ya 2003 ya kutenga angalau asilimia 10 ya bajeti kwa kilimo. Nyingine ni Mkataba wa usalama wa mtandao na ulinzi wa taarifa binafsi. Azimio lilipata makongamano, mipango ya kitaifa na tathmini ya kila miaka miwili. Mkataba ulikaa miaka tisa ukisubiri nchi 15 ziuridhie, na ulianza kutumika Juni 2023. Ni ndani ya miaka hiyo tisa simu ilipoingia shambani kwa kasi: daftari la wakulima likahamia kwenye kompyuta, ruzuku ya mbolea ikaja kwa ujumbe mfupi, na picha za setilaiti zikaanza kuhesabu mashamba kutoka angani. Hati zilizozaliwa siku moja, nyumba moja, zimekua bila kujuana.

Matokeo yake tunayaona huku. Kanuni namba 2023/1115 ya Umoja wa Ulaya inataka kahawa na kakao zinazokwenda huko ziambatane na taarifa za mahali halisi zilipolimwa, ili ithibitike kwamba hakuna msitu uliofyekwa baada ya Desemba 31, 2020. Shamba dogo linatajwa kwa nukta moja ya ramani. Linalozidi hekta nne linachorwa mipaka yake yote. Sina ugomvi na nia ya kulinda misitu. Lakini watu wamepita vijijini na simu zao, wamezunguka mashamba wakipima, wameandika majina, namba za vitambulisho na idadi ya miche, kisha wakaondoka. Mimi niliwekewa mbele karatasi ya Kiingereza nitie saini. Nilipouliza nakala yangu nitaipata wapi, niliambiwa taarifa ziko kwenye mfumo. Huo mfumo uko wapi, na nani anaufungua, hakuna aliyenijibu hadi leo.

Mheshimiwa, taarifa hizo zikikaa pamoja zina nguvu kubwa. Anayejua ukubwa wa shamba langu, mbolea niliyochukua na mavuno ya msimu uliopita anajua pia ni mwezi gani nitaishiwa fedha. Mnunuzi akilijua hilo, bei inapangwa kabla gunia halijashonwa. Mkopeshaji akilijua, ananikubali au kunikataa kwa alama ambazo sijawahi kuziona. Na iwapo aliyenipima alikosea mpaka, au akaliandika shamba la mama mjane kwa jina la shemeji yake, kosa hilo litamfuata mama huyo kwenye ruzuku, bima na mkopo, na hana dirisha la kwenda kulisahihisha. Tumepigana na lumbesa kwa miaka mingi, na sheria ya vipimo iko upande wetu, kwa sababu gunia lililozidishwa linaonekana kwa macho. Kwenye taarifa, mkulima hata hajui amepunjwa nini.

Najua utaniambia nchi nyingi zina sheria za kulinda taarifa binafsi. Ni kweli: Kenya na Uganda zilitunga mwaka 2019, Rwanda 2021, Tanzania 2022. Ni hatua njema. Lakini sheria hizo zinamlinda mtu na jina lake, namba yake, afya yake. Mavuno, mipaka na rutuba ya udongo wa shamba vinaangukia wapi? Kila mradi unajitafsiria.

Siandiki kuipinga teknolojia. Programu ya Nuru, iliyotengenezwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Penn State pamoja na taasisi ya kimataifa ya kilimo cha tropiki, IITA, inamwezesha mkulima kuielekeza simu kwenye jani la muhogo na kujua kama ni batobato au michirizi ya kahawia. Inazungumza Kiswahili, na inafanya kazi palepale shambani hata pasipo mtandao. Jibu linampata mkulima kwanza, akiwa bado amesimama kwenye tuta, kabla ya mtu yeyote wa mjini. Hicho ndicho kipimo ninachotamani kiwekwe kwa kila mradi unaoomba baraka za Umoja wa Afrika: nani anapata jibu kwanza? Maana ipo miradi mingi ambayo mkulima hutoa taarifa msimu baada ya msimu asirudishiwe chochote, hata ushauri wa bwana shamba.

Januari 2025 wakuu wa nchi walikutana Kampala wakakubaliana kuongeza uzalishaji wa chakula kwa asilimia 45 ifikapo 2035. Sasa nchi zinaandika au kupitia upya mipango yao ya uwekezaji katika kilimo. Wakati wa kuyaweka masharti ya taarifa humo ni huu, wino ukiwa haujakauka.

Kwanza, tamka wazi kwamba taarifa za shamba ni mali ya mkulima, ikiwemo haki ya kupewa nakala kwa lugha anayoisoma, kusahihisha kosa, na kuzihamishia kwa mnunuzi mwingine akitaka. Pili, na hili ndilo ninalolisisitiza zaidi, liingize suala la haki hizo katika tathmini ya kila miaka miwili, kando ya asilimia 10 ya bajeti. Serikali zetu hujali kile zinachopewa alama mbele ya wenzao. Nchi iulizwe: je, mkulima mwenye simu ya kitochi anaweza kuiona rekodi yake kwa kubonyeza namba, bila intaneti? Kama namba hizo zinatuwezesha kutuma fedha, zinaweza kutuonyesha mipaka ya mashamba yetu wenyewe.

Mwisho, vyama vya msingi vya ushirika vipewe uwezo wa kutunza rekodi za wanachama wake na kujadiliana na wanunuzi kwa niaba yao. Msimu wa kahawa haukawii, na wapimaji watarudi tena. Naomba watukute tukiwa na karatasi yetu ya masharti, iliyoandikwa kwa lugha yetu.

Wako katika ujenzi wa Afrika,

Mkulima wa kahawa, Mbozi