Bonasi ni habari, mnada je?

Ni kweli bonasi ya majani chai ni habari kubwa huku Kericho na Bomet. Lakini bonasi huzaliwa Mombasa, kwenye mnada wa kila wiki, na ndiko pengo la bei kati yetu na wenzetu wa mashariki mwa Bonde la Ufa huonekana kwanza. Mimi ni mkulima Konoin. Tukipanga foleni kwenye mizani, magunia yakinyeshewa, hakuna anayejua chai imeuzwa bei gani wiki hiyo. Hasira hutupata bonasi ikitangazwa, mambo yameshaisha. Na wanaodai kwamba bei za kila wiki zinachosha, mbona matokeo ya Ligi Kuu ya Uingereza hayawachoshi? Mhariri, tuchapishieni bei za mnada kila wiki, kiwanda kwa kiwanda.